Nabongo Mumia na Asili ya Haki

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye Haki ni jina miongoni mwa majina Yake matukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Vijana wa darsa yetu wametuuliza swali ambalo si dogo. Wauliza: hii haki itajwayo kila siku mahakamani, sokoni na katika siasa, asili yake ni nini? Je, mtu huwa na haki kwa kuwa serikali imempa, au huwa nayo hata kabla ya serikali kuwako? Tumeona kuwa kulijibu swali hili kwa maneno ya vitabuni peke yake kutawachosha wengi. Kwa hivyo tutaeleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, kisha kila msomaji apime kwa mizani yake mwenyewe.

Kwanza twamwomba msomaji afuatane nasi hadi mpakani. Malori yapakiayo shehena bandarini Mombasa kwenda Uganda na nchi za mbele yake huvuka Kenya nzima, kisha hutokea ama Malaba ama Busia. Madereva wa hapa kwetu waijua vyema miji hiyo miwili na misururu yake. Busia ni mji uliokatwa na mstari: nusu yake i Kenya na nusu i Uganda, na jina ni lilo hilo moja. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wa Malaba na Amukura wana ndugu zao ng'ambo, Tororo na kwingineko. Basi na tumfikirie mwanamke wa Kisamia avukaye asubuhi na kikapu chake cha dagaa kwenda kuuza. Nyuma yake kuna serikali moja na mbele yake serikali nyingine. Ikiwa haki yake ya kutopigwa na kutonyang'anywa mali yake ni kitu alichopewa na serikali, basi hapo katikati, baina ya kizuizi na kizuizi, hana haki yoyote, na mwenye kumnyang'anya kikapu hakukosea! Hakuna mtu mwenye akili akubaliye neno hili. Hata mwizi mwenyewe halikubali, kwani naye akiibiwa hulia.

Watu wa mwambao huu wa mpaka, Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wateso, wameonja tangu zamani ladha ya haki iandikwayo na kufutwa na wakubwa. Na katika zama za mwanzo wa mstari huo, mtu aliyetajwa kuwa mkubwa wao alikuwa Nabongo Mumia wa Wanga. Huyo ndiye tutakayemweleza.

Mumia alikuwa mwana wa Shiundu, naye Shiundu alikuwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wawanga. Makao yao yalikuwa Elureko, mahali paitwapo leo Mumias kwa jina lake yeye, mashariki ya Busia, katika njia iendayo mpakani. Alikalia kiti cha baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kiti alichokirithi hakikuwa cha raha. Wanga ilikuwa imebanwa na majirani, Wabukusu upande mmoja na Wateso upande mwingine, na vita vya kulipizana kisasi havikukoma. Tangu zama za baba yake Wawanga waliwategemea wapiganaji wa Kimasai waliokimbilia kwao. Kijana huyu basi alijua tangu mwanzo kwamba asiye na nguvu hana wa kumsikiliza. Hilo ndilo somo la kwanza alilofundishwa na dunia, nalo ni somo la hatari, maana mtu hulifahamu nusu: huona kuwa nguvu ndiyo haki yenyewe.

Wageni wa kwanza kumjia walikuwa watu wetu sisi. Misafara ya wafanyi biashara wa Kiswahili na Kiarabu kutoka pwani ilikuwa imekwisha kufanya Elureko kituo chake cha kupumzikia na kununulia chakula. Mumia aliwapokea, akawapa mahali pa kukaa, akafanya urafiki nao. Kutokana na ujirani huo Uislamu ukaingia Wanga. Ndugu zake wakubwa kwa wadogo walisilimu, na katika hao yuko Murunga, tutakayemtaja mbele. Misikiti ya Mumias na Waislamu wake ni matunda ya mbegu hiyo. Ama hali ya mtu na Mola wake, hiyo hatuiingilii. Sisi twatazama aliyoyatenda duniani.

Lakini tuseme kweli ingawa ni chungu. Misafara hiyo haikuleta dini na nguo tu. Ilinunua pembe, na ilinunua watu pia. Walikuwako wenzetu waliokuwa wakisali sala tano, na huku wamefunga kamba shingo za watoto wa watu. Utumwa katika mwambao wetu haukufutwa kisheria ila mwaka 1907, na hata hivyo mikono iliyoandika kufutwa kwake haikuwa yetu. Alimu wa leo akisimama juu ya mimbari kueleza haki bila ya kuikumbuka aibu hii, huwa kama mtu afagiaye uwanja wa jirani na kwake kumejaa taka.

Mwishoni mwa mwaka 1883 alifika Elureko Mzungu aitwaye Joseph Thomson, naye akapokewa kwa wema. Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington, akiwa njiani kwenda Uganda, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo. Mwaka 1889 akaja Frederick Jackson, wakili wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, akafanya mapatano na Mumia na kumwachia bendera. Miezi michache baadaye akaja Mjerumani, Carl Peters, naye akitafuta mapatano yake mwenyewe. Hebu tazama: mwenye nchi amekaa barazani kwake, na wageni wawili washindana ni nani kati yao atakayempa karatasi ya kumhakikishia nchi ambayo ni yake! Mumia alidhani bendera ile ni alama ya urafiki. Kwa wenye kuileta ilikuwa ni hati.

Mwaka 1895 C. W. Hobley aliwekwa Elureko kuwa mtawala wa Kiingereza katika sehemu hizo. Mwaka huo huo kulikuwa na vita vikubwa baina ya Waingereza na Wabukusu, na wakati wa vita hivyo wapiganaji wa Mumia walitoka pamoja na askari wa Kisudani na Wamasai. Ngome ya Wabukusu ya Chetambe ilivunjwa, na watu wengi wakauawa ndani yake. Mumia aliona kuwa adui wake wa zamani ameangushwa na rafiki yake mpya. Hakuona kwamba bunduki iliyowashinda majirani zake haikuwa yake, na kwamba mwenye bunduki hakuwa na haja ya rafiki ila kwa muda.

Hadi wakati huo nchi yake yote ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 sehemu yote ya mashariki ya Uganda, pamoja na Wanga, ilihamishwa kwa amri iliyotoka Uingereza, ikatiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mumia alilala Uganda akaamkia nchi nyingine, wala hakusogea hata hatua moja kutoka kitandani pake. Ndugu wa Kisamia na wa Kiteso wakawa raia wa watawala wawili. Hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo ulipozaliwa mstari ule wa Busia na Malaba tulioutaja mwanzo.

Mwaka 1909 Waingereza walimtangaza Mumia kuwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini. Cheo hicho kilimpa ukubwa ambao babu zake hawakuwa nao kamwe, kwani makabila mengi yaliyowekwa chini yake hayakuwahi kuwa raia wa Wanga. Ndugu na jamaa zake wakapelekwa huku na huko kuwa machifu na mawakili juu ya watu wasio wao. Murunga aliwekwa Kimilili kuwatawala Wabukusu. Mulama, nduguye mwingine aliyekuwa Mkristo, akapewa Wamarama. Sehemu za Wamarachi, Wakhayo na Wasamia, na Wateso vilevile, ziliona mawakili wa Wanga wakija kukusanya kodi, kutoza watu kazi na kuamua kesi za mashamba kwa lugha na desturi isiyokuwa yao. Wenye nchi wakauliza: ni nani aliyewapa haki ya kutuamua? Jawabu lilikuwa ni moja tu: karatasi ya serikali.

Hapa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo palipo kiini cha maneno yetu. Mumia alikuwa amenyang'anywa mamlaka ya kuiamulia nchi yake. Badala yake akapewa mamlaka juu ya nchi za wenzake. Naye aliyapokea. Aliyopewa yalikuwa mengi kuliko aliyonyang'anywa kwa hesabu ya vijiji, lakini kwa hesabu ya haki hayakuwa kitu, kwa sababu mwenye kuyatoa hakuwa mwenyewe. Mtu hawezi kukupa nyumba ya jirani yako, hata akikuandikia hati kumi.

Kisha karatasi ikaanza kugeuka. Mwaka 1920 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mumias yakapelekwa Kakamega, na Elureko iliyokuwa ikipokea wakubwa wote wa dunia ikawa kando ya njia. Mwaka 1926 Mumia alistaafishwa, naye amekwisha kuwa mzee. Jamaa zake walipotaka katika miaka ya 1930 cheo cha chifu mkuu kirudishwe, walikataliwa. Katika miaka hiyo hiyo malalamiko ya makabila yaliyotawaliwa na Wanga yalisikilizwa, na mawakili wengi wa Wanga wakaondolewa, mahali pao wakawekwa watu wa nchi. Watu wa mpakani wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini na wao pia walikuwa wamengoja kalamu ile ile.

Mzee Mumia akaishi mpaka akaona jambo kubwa kuliko hayo. Mwaka 1930 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuhifadhi ardhi za wenyeji, ikaahidi kuwa ardhi hizo ni zao milele, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa, watu watapewa kingine badala yake, na baraza lao litashauriwa kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na majembe na mahema. Kabla mwaka 1932 haujaisha sheria ile ikageuzwa: ardhi ya kuchimbwa dhahabu ingeweza kuchukuliwa bila ya kulipwa ardhi nyingine, wala kungoja shauri la baraza. Milele hiyo ilidumu miaka miwili!

Mumia alifariki mwezi wa Aprili 1949, akiwa mzee mno, inakisiwa miaka yake yakaribia mia. Miezi minne kabla ya kufa kwake, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mjini Paris Azimio la Haki za Binadamu, lililotangaza kuwa watu wote huzaliwa sawa katika utu na haki. Baadhi ya madola yaliyoinua mikono kulikubali siku hiyo yalikuwa bado yamewashika watu wengine mikono nyuma. Hapana shaka mzee wa Elureko alikufa bila ya kuhitaji kusomewa azimio hilo. Maisha yake yote yalikuwa ni sherehe yake, ya kupatwa na ya kutenda.

Sasa turudi katika swali la vijana wetu. Wako wasemao kuwa haki ni nguvu: mwenye kushika ndiye mwenye haki. Kauli hii yavunjwa na Mumia mwenyewe. Kama nguvu ingekuwa haki, basi alipokuwa na nguvu asingekuwa dhalimu wa mtu, na aliponyang'anywa asingekuwa na la kulalamikia. Na sote twajua kuwa alikuwa na la kulalamikia, na waliolalamika juu yake nao walikuwa nalo.

Wako wasemao kuwa haki ni sheria iliyoandikwa na mtawala. Kauli hii yaonekana ni bora, nayo ndiyo iwadanganyayo wasomi wengi. Lakini itazameni vizuri. Ikiwa mtawala ndiye aumbaye haki, basi hawezi kudhulumu hata akitaka, kwani kila atakaloandika huwa haki kwa kuandikwa kwake. Mwaka 1930 ardhi ni yenu ni haki, na mwaka 1932 ardhi si yenu ni haki vilevile. Neno dhulma lingekufa, likazikwa, lisingebaki hata katika kamusi. Lakini neno hilo li hai katika kila lugha ya wanadamu, hata kwa watu wasiojua kusoma. Basi ni lazima iwe haki ilitangulia sheria, na kwamba sheria ni chombo cha kuihifadhi tu, kama mtungi uhifadhivyo maji. Mtungi hauzai maji, na ukivunjwa aliye na kiu hakupoteza kiu yake.

Kwetu sisi Waislamu dalili iliyo wazi kuliko zote yatoka kwa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba aliwaonya wenye kuja kuteta mbele yake kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja akawa na ulimi mwepesi kuliko mwenzake. Basi yule atakayehukumiwa kwa makosa kitu cha nduguye asikichukue, kwani ni kipande cha moto. Hebu fikirini! Ikiwa hukumu iliyotoka katika kinywa kitukufu kuliko vinywa vyote haiwezi kuigeuza mali ya mtu kuwa ya mwingine mbele ya Mungu, itakuwaje hukumu ya Gavana? Itakuwaje hati ya ofisini? Haki hukaa pale pale kwa mwenyewe, hata dunia nzima ikishuhudia kinyume chake.

Kwa hiyo maulamaa waligawanya haki sehemu mbili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Wakasema kuwa ya kwanza Mungu huisamehe kwa toba, na ya pili haisameheki mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe kwa ridhaa yake. Na Imamu Ghazali alieleza kuwa sheria yazungukia kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mambo haya humpata mtu kwa kuwa ni mwanadamu, ambaye Mungu alimkirimu tangu kwa baba yetu Adamu, wala si kwa kuwa ni raia wa fulani au kabila fulani.

Mtu atauliza: je, na asiyekuwa Mwislamu? Twamjibu kwa Mapatano ya Fudhul. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu alihudhuria Makka, katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, watu wakiapa kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa. Sababu yake ilikuwa mgeni wa kutoka Zabid, Yemen, ambaye bidhaa yake ilichukuliwa na mkubwa mmoja wa Makka, Al-As bin Wail, asilipwe. Wakati huo Kurani haijateremka, wala Makka haikuwa na serikali. Hata hivyo mgeni yule alikuwa na haki, na kila mwenye murua aliiona. Na Mtume baada ya kupewa utume aliyasifu mapatano hayo, akabainisha kuwa angeitwa kwayo katika Uislamu angeitika.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 19, yakiri kuwa haki za msingi ni za kila mtu na wala hazitolewi na dola. Twaipongeza kwa kukiri. Lakini kukiri ni mwanzo tu. Mstari wa Busia uliochorwa bila ya kuulizwa mtu sasa umerahisishwa. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa hapo mwaka 2018 na marais wa nchi mbili. Bado mtu apaswa kujiuliza kila siku iwapo yule mwenye kikapu cha dagaa hupita kwa heshima ile ile apitayo kwayo mwenye lori.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye watazamaji. Twalalamika, na twalalamika kwa haki, kuwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha wengi wa wazee wetu kuwa maskwota juu ya makaburi ya baba zao. Mumia angetufahamu. Lakini ni wangapi kati yetu wenye kudai shamba la babu serikalini, na huku wamekalia fungu la urithi la dada zao walilopewa na Mwenyezi Mungu katika Kitabu Chake? Ni wangapi wenye mtumishi aliyetoka Busia au Mumias, alalaye jikoni na mshahara wake wacheleweshwa miezi mitatu, na akiuliza huambiwa kuwa yeye ni mtu wa bara? Huyo naye asema ndani ya nafsi yake neno lile lile walilosema Wasamia na Wamarachi: ni nani aliyewapa haki hii? Na dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mungu, awe ni nani.

Hili ndilo funzo la Nabongo Mumia. Alidhulumiwa kwa karatasi, akadhulumu kwa karatasi, na karatasi zote mbili zimekwisha kuoza. Kilichobaki ni daftari isiyooza. Mwenye kuamini kuwa haki yake yatoka kwa Mungu hana budi kuamini kuwa ya jirani yake yatoka huko huko. Na mwenye kuikanusha ya jirani ameikata ya kwake kwa mkono wake.

Basi ndugu zetu, kabla ya kufunga kazi ya leo, kila mmoja na aangalie nyumbani mwake kuna kitu gani cha mtu, akirudishe. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tukaifuata, na atuonyeshe batili tukaiepuka, na awarehemu waliotangulia, na atusamehe sisi na wao. Amin.